Nani Ametia Sahihi?

Ukiokota riwaya ya kubuni ya kisayansi inayohusu akili ya binadamu kwenye vitabu vya mtumba pale Posta, usikimbilie mashine. Tafuta kwanza ukurasa ambao mgonjwa anakubali kutibiwa, au mtu mwingine anakubali kwa niaba yake. Nani ametia sahihi? Kwa maoni yangu, hapo ndipo riwaya nzuri za aina hii zinapojitenga na mbaya. Katika magonjwa ya akili, kiungo kinachotakiwa kuikubali tiba ndicho hichohicho kinachodaiwa kuumwa.

Chukua The Lathe of Heaven ya Ursula K. Le Guin (1971). Ndoto za George Orr zinageuza ulimwengu, na watu hawakumbuki ule wa jana. Anaogopa kulala, anachukua dawa kwa kadi za watu wengine, anabambwa, kisha anapelekwa kwenye tiba iitwayo ya hiari. Hiari gani hiyo, mtu akilazimishwa kuchagua kati ya daktari na adhabu? Daktari Haber anamlaza kwa hipnosisi na kumwamuru aote nini, halafu mtambo unasoma mawimbi ya ubongo wake na kumrudishia yakiwa na nguvu zaidi. Mambo yanaharibika kwa sababu ndoto hutii agizo kwa njia yake yenyewe. Haber anataka msongamano wa watu upungue, Orr anaota tauni, na mabilioni wanakuwa wamekwisha kufa. Anataka ubaguzi wa rangi ukome, binadamu wote wanaamka kijivu. Na kila ndoto ikiisha, ofisi ya Haber imezidi kuwa kubwa. Le Guin hahitaji kumwita mtu mbaya, ofisi inatosha.

The Terminal Man (1972) ni ya Michael Crichton, aliyesomea udaktari, na inaonekana. Harry Benson ana kifafa kinachomfanya ashambulie watu. Anapandikizwa elektrodi 40 ubongoni na kompyuta ndogo inayozima kila shambulio la kifafa linapoanza, kwa kuchochea sehemu inayoleta raha. Tatizo ni kwamba ubongo hujifunza. Kwa kuwa kila shambulio linalipwa raha, unaanza kuyaleta mara kwa mara, yakikaribiana mpaka kinga inazidiwa. Benson alikubali mwenyewe upasuaji huo, lakini tayari aliamini kwamba mashine zinataka kuitawala dunia, na daktari wake wa akili alionya. Marge Piercy, katika Woman on the Edge of Time (1976), anakwenda mbali zaidi: anayekubali upasuaji wa ubongo wa Connie, mgonjwa aliyefungiwa hospitali ya akili, ni kaka yake.

Riwaya ninayoipenda kuliko zote ni Flowers for Algernon ya Daniel Keyes (1966). Charlie Gordon anafanyiwa upasuaji unaompandisha kutoka kipimo cha akili cha karibu 70 hadi 185, kisha anaporomoka. Idhini ilitoka kwa dada yake, Norma. Sauti ya Charlie mwenyewe imebaki kwenye taarifa anazoziandika, zilizojaa makosa mwanzoni na tena mwishoni, na ndiyo maana tahajia yake mbovu si pambo.

Hapa mfasiri wa Kiswahili ana kazi ngumu. Kiingereza hakiandikwi kama kinavyotamkwa, hivyo Keyes ana makosa tele ya kuchagua. Kiswahili hakimpi mtu nafasi hiyo. Wa haraka atabadilisha r na l, aandike "kurara", au adondoshe h, aandike "apa". Nasema asithubutu! Hayo ni mambo ya lafudhi, na msomaji wa Dar ataona kabila la mtu badala ya akili yake. Afadhali maneno yaliyogandana ("kwasababu", "nilikwendakumwona"), ngeli zilizovurugika ("kitabu yangu") na nukta zilizokosekana. Charlie anapofundishwa koma, anazimwaga kila mahali. Hilo linatafsirika bila shida. Mfasiri aorodheshe kosa gani linaondoka katika taarifa ipi, kisha ayarejeshe kinyumenyume Charlie anapoporomoka: nukta zipotee, ngeli zilegee, maneno yagandane tena.

Na waandishi wetu? Ninaomba mgonjwa wa akili aache kuwa kichekesho cha "mtu wa Mirembe" (hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma) au nyumba ya majini tu. Kabla ya kubuni kifaa cha kusoma ndoto, soma Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya 2008, kisha ukae na mfamasia akueleze dawa za skizofrenia zinafanya nini kwenye mikono, usingizi na uzito wa mtu. Ongeza hatua moja tu mbele ya kilichopo, si kumi.

Na usisahau kwamba huku kwetu mgonjwa huletwa na ukoo. Mama amekwishampeleka kwenye maombi, shangazi kwa mganga, na sasa wote wamebanana kwenye benchi la kliniki. Muuguzi anauliza maswali, wanajibu ndugu. Kijana anatazama viatu vyake. Fomu ya kifaa kipya inawekwa mezani, na baba mdogo anauliza nani ana kalamu.