Usiulize hosipawa tu, angalia mikono ya nyuma

Mtu akitaka kununua trekta siku hizi swali ni moja tu, ina hosipawa ngapi, yaani nguvu ya injini? Ikiwa 75 basi anatoa hela. Mimi namwambia zunguka nyuma kwanza uone ile mikono mitatu ya kushikia plau na zana nyingine, miwili chini mmoja juu, maana trekta tunayoijua leo ilizaliwa pale.

Zamani plau, lile jembe la trekta, lilikuwa linaburutwa tu nyuma kama tela. Fordson ya Henry Ford ilianza kutoka kiwandani 1917, ikauzwa kwa malaki kwa sababu ilikuwa bei rahisi, lakini plau likinasa kwenye kisiki au jiwe matairi ya nyuma bado yanalazimisha kwenda, pua inanyanyuka, trekta inabinuka inamlalia dereva. Watu walikufa kweli jamani.

Harry Ferguson, mtoto wa mkulima kutoka Ireland, akaona dawa siyo kuongeza chuma, dawa ni plau na trekta viwe kitu kimoja. Patenti yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ni ya 1926. Plau likiwa ardhini linataka kupinduka kwenda mbele, ule mkono wa juu unaisukuma trekta kwa hiyo pua inabaki chini, huku uzito wa plau unakandamiza matairi ya nyuma yashike udongo, na hidroliki, yaani mafuta ya presha yanayonyanyua mikono, inapandisha na kushusha yenyewe kadiri udongo unavyokuwa mgumu. Ndo maana trekta yake ya kijivu, TE20, tani moja na ushee tu, ililima vizuri kuliko madude mazito. Kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilitoa zaidi ya laki tano kati ya 1946 na 1956!

Kinachoniuma ni ile ya 1938, yeye na Ford wakakubaliana Ford atengeneze trekta zenye mfumo wa Ferguson, wakapeana mikono tu bila karatasi. Mjukuu wa Ford alipochukua kampuni makubaliano yakafa, Ferguson akaenda mahakamani, 1952 akaambulia dola milioni 9.25. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka uliofuata akaungana na Massey-Harris, na kutoka hapo, 1958, ndo likaja jina Massey Ferguson.

Mjomba wangu alikuwa na Massey 135. Nilikuwa nagonga pini ya kufungia plau kwenye mkono kwa nyundo mpaka itokee upande wa pili, mjomba anagusa leva pembeni ya kiti, plau linapanda taratibu udongo ukidondoka mabonge mabonge. Jembe la matuta alichomelewa na fundi wa geti pale senta, na likaingia bila shida, kwa sababu vipimo vya hiyo mikono sasa ni vilevile kwa trekta za ukubwa mmoja, kampuni karibu zote. Kwa hiyo tunaosema hatuwezi kutengeneza trekta, tuanze na zana za nyuma, mafundi tunao tayari.

Na ukienda kununua ya mtumba, mwambie muuzaji anyanyue plau juu kisha azime injini. Likishuka haraka, hidroliki inavuja, shusha bei au ondoka.