Sensa ndogo ya kamera naitetea bado, ila hoja yangu ya zamani imekufa

Miaka yote wenzangu walipoitania kamera yangu ya Micro Four Thirds, mfumo wa kamera zenye sensa ndogo, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ("hiyo ya watoto," wanasema), sikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nawapa begi langu walishike waone lilivyo jepesi, nashika la kwao, kisha nanyamaza. Siku hizi begi silitoi tena.

Tuanze na hesabu, maana wanaobishana sana vijiweni ndio wasiotaka kuipiga. Sensa ya mfumo huu, ambao Olympus na Panasonic waliutangaza mwaka 2008, ina milimita 17.3 kwa 13. Fulu fremu, ile sensa kubwa ya wenzangu, ni 36 kwa 24. Yangu ni kama robo tu ya eneo lile. Kwa f ile ile (namba ya tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) inakusanya robo ya mwanga, yaani imepungukiwa stopu mbili, kila stopu ikiwa nusu ya mwanga: chenga, zile punje zinazochafua picha, ninazopata kwenye ISO 1600 (ISO ni kipimo cha usikivu wa kamera kwa mwanga), mwenzangu wa fulu fremu anazipata akifika 6400. Wapo wanaosema programu za kusafisha chenga zimeimaliza tofauti hiyo. Zinasafisha kweli. Lakini na yeye mwenye fulu fremu anazo.

Jumamosi napiga harusi, na huko sitaki ubishi. Ukumbi wa Dar usiku unaujua: taa za zambarau, moshi wa mashine, MC kaamuru taa kubwa zizimwe ili maharusi waingie. Niliwahi kukabidhi picha za kuingia ukumbini ambamo gauni la mama wa bibi harusi, lililoshonwa kwa wiki nzima, lilikuwa uji wa rangi. Walishukuru kwa adabu. Mdogo wake alipoolewa, waliita mtu mwingine. Tangu hapo kwa harusi naazima fulu fremu na lenzi ya milimita 50, wala sioni haya.

Na usiniambie angalau kamera yenyewe ni ndogo. Sony A7C ya mwaka 2020, fulu fremu, ina gramu 509 pamoja na betri na kadi. OM-1 ya 2022, yenye sensa ndogo, ina 599. Mwaka 2013 Panasonic walitoa GM1, kamera ya mfumo huu huu ya gramu 204, unaitia mfuko wa shati unakwenda sokoni. Ile ndiyo ilikuwa maana ya mfumo mzima, nao wakaiacha wakaanza kushindana kwa ukubwa wa mshikio. Hili sijawasamehe.

Jumapili ni ya ndege. Naamka kabla ya adhana niwahi mashamba ya chumvi ya Kunduchi, nilale kifudifudi kwenye tope nikiwasubiri chekeamwezi, wale ndege wa ufukweni, au mdiria ajitupe majini. Hapa ndipo begi langu lilipokuwa linashinda kesi. Lenzi ya milimita 300 kwenye sensa yangu inaona kama ya 600 kwenye fulu fremu. Olympus ya 300 f/4 ina gramu 1,270 bila pete ya kuifungia kwenye tripodi. 600 f/4 ya Canon au Sony inapita kilo tatu. Nani angebisha?

Angebisha mwenye kujua, na ningestahili. Ulinganisho ule ulikuwa na ujanja ndani yake. Kwa mwanga wote unaofika kwenye sensa, 300 f/4 yangu ni sawa na 600 f/8 ya fulu fremu, si f/4. Nilikuwa napima bajaji kwa lori halafu najisifu kwamba yangu nyepesi. Kwa miaka mingi ujanja ulipita kwa kuwa fulu fremu haikuwa na lenzi ya namna hiyo. Canon walitoa 600 f/11 ya gramu 930 mwaka 2020, nikaicheka: tundu halibadiliki, haina kinga ya maji, na ndege akisogea chini ya mita nne na nusu huwezi kumpata. Nikajiona nimepona. Halafu 2023 Nikon wakaleta 600 f/6.3 ya gramu 1,390 bila pete. Gramu 120 zaidi ya yangu, na mwanga zaidi. Siku niliposoma namba hizo ndiyo siku nilipoacha kuwagawia watu begi.

Kilichobaki ni pesa, na kwangu mimi pesa si hoja ndogo. Nikon ile ilitoka kwa dola 4,799. Olympus yangu ilitoka 2016 kwa 2,499, na mimi niliipata mtumba. Ukishuka chini zaidi, kuna ile zumu ya Olympus ya 75 hadi 300, gramu 423, inayoona mpaka 600. Ni laini kidogo mwishoni na inataka jua, lakini jua Kunduchi halijawahi kuadimika.

Watu hunitisha pia kwamba mfumo unakufa. Ni kweli Olympus waliiuza idara yao ya kamera, na tangu Januari 2021 jina ni OM Digital Solutions. Ni kweli Panasonic waliingia fulu fremu 2019. Lakini baadaye wametoa kamera mpya za mfumo wangu, G9 II mwaka 2023 na GH7 mwaka 2024. Sijui mwenye jeneza anangoja nini. Hata wakifunga kesho, lenzi yangu haitaacha kupitisha mwanga.

Juzi kijana mmoja kaniuliza anunue ipi. Nikamuuliza anapiga nini. "Kila kitu, kaka. Harusi, mahafali, ndege nao nawapenda." Nikamwambia atafute fulu fremu ya mtumba na lenzi ya 50. Ya ndege ataazima kwangu, mradi anirudishie kabla ya Jumapili.