Ruzuku si bajeti yote
Kusema Kenya inamgharamia mtoto wa msingi mara tatu ya Tanzania kwa kulinganisha tu ruzuku ya shule kwa kila mwanafunzi (Sh1,420 za Kenya kwa Sh10,000 za Tanzania kwa mwaka) ni hesabu nusu. Hiyo 10,000 yenyewe haifiki yote: 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, shule hupata 6,000, yaani 500 kwa mwezi, shule ya wanafunzi 800 ni laki nne kwa mwezi, chaki na ukarabati humo humo! Lakini mzigo mkubwa ni mishahara: Kenya iko TSC (tume inayoajiri walimu), Tanzania kwenye mafungu ya halmashauri. Tena msichanganye sekondari ya chini ya Kenya, ruzuku yake Sh15,042 za Kenya, eti kwa kuwa iko ndani ya uzio wa msingi. Nani ana jedwali la mishahara ya walimu wa msingi pekee?