Kebo ya Njano Ndani ya Jengo

Ukimwita fundi aunganishe kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga, swichi ya mtandao ya ghorofa ya chini na ile ya ghorofa ya tatu, mara nyingi atakwambia kwamba singomodi, yaani kebo ya njano, ni ya kampuni za simu, na kwamba ndani ya jengo inafaa maltimodi, ile ya rangi ya chungwa au ya feruzi. Ushauri huo haukutungwa hewani. Kiini cha kioo cha maltimodi ya siku hizi kina upana wa mikromita 50, cha singomodi takriban 9, kwa hiyo punje ya vumbi inayoziba njia katika ya pili huenda isilete hasara kubwa katika ya kwanza. Na moduli za maltimodi, yaani vifaa vidogo vinavyochomekwa kwenye swichi kurusha na kupokea mwanga, hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 850, na ni rahisi kutengeneza kuliko zile za singomodi za nanomita 1310. Kwa kipande cha mita 3 kati ya seva na swichi zilizomo katika kabati moja, sina ugomvi na maltimodi.

Ugomvi unaanza kebo inapoingia ukutani: humo ningelaza singomodi. Moduli hubadilishwa kwa dakika moja, ilhali kebo iliyopitishwa darini haitolewi ila kwa ngazi, vumbi na gharama. Tazama yaliyowapata waliolaza OM1, maltimodi ya zamani yenye kiini cha mikromita 62.5. Kwa kasi ya gigabiti 1 iliweza kufika mita 275, umbali ambao ofisi chache zinauhitaji; kasi ilipopanda hadi gigabiti 10, kwa moduli zilezile za nanomita 850, kebo hiyohiyo ikaishia mita 33. Na mita 33 hizo huhesabiwa pamoja na kila kona: kebo inayopanda ghorofa tatu, ikavuka dari ya korido, kisha ikaachiwa mizunguko ya akiba huku na huku, inaweza kuzimaliza ndani ya jengo ambalo mtu hulizunguka kwa dakika mbili. Vizazi vya maltimodi vilivyofuata vilisogeza mpaka huo: OM2 hadi mita 82, OM3 hadi 300, OM4 hadi 400. Kwa gigabiti 100, moduli iliyozoeleka ya maltimodi hufika mita 100 tu juu ya OM4, tena kwa nyuzi nane badala ya mbili. Jozi moja ya singomodi hubeba gigabiti 10 hadi kilomita 10, na 100 hadi umbali huohuo, kwa kubadilisha moduli za nchani peke yake.

Hofu nyingine juu ya singomodi ni kwamba leza yake ya masafa marefu itaunguza kipokezi kikiwekwa karibu. Hofu hiyo ni ya kweli kwa moduli za kilomita 40 au 80, ambazo huhitaji kipunguza mwanga. Kwa ile ya kilomita 10 ya gigabiti 10, kiwango kimepangwa ili mwanga mkubwa kabisa unaorushwa usizidi ule ambao kipokezi kinaweza kuupokea, hata kebo ikiwa na mita 2.

Nyumbani mjadala huu haupo kabisa, kwa sababu laini ya intaneti inayoingia sebuleni kwa faiba ni singomodi. Hapo kosa huwa kwenye ncha. Jirani yangu aliwahi kubadilisha kebo iliyotafunwa na panya kwa nyingine ya njano, ya urefu uleule, yenye ncha ya buluu badala ya kijani. Iliingia vizuri kabisa, na taa nyekundu ya kifaa cha intaneti haikuzima. Ncha ya kijani imenolewa kwa mshazari wa digrii 8, ya buluu haina mshazari huo, na zikikutanishwa hubaki mwanya unaomeza mwanga mwingi. Kwa nyuma ya televisheni, ambako kebo hukunjwa bila huruma, ulizia aina ya G.657.A2, iliyoundwa kuvumilia mkunjo wa nusukipenyo cha milimita 7.5, wakati ya kawaida hutaka 30.

Aliye na OM3 nzima ukutani hana sababu ya kuing'oa, mradi asiiunge na kipande cha njano: mwanga unaotoka kiini cha mikromita 50 hauingii wote katika cha 9. Na asiamini rangi ya ganda peke yake, maana kiwanda kinaweza kupaka rangi yoyote. Asome maandishi yaliyochapwa ubavuni, 9/125 (singomodi) au 50/125 (maltimodi), kabla ya kutoa pesa.