Vyakula vya kilimo hai: ulipie kipi, uache kipi

Spinachi ya kilimo hai iliyoozea chini ya friji ndiyo mboga ghali kuliko zote. Nayasema haya kwa sababu nimeitoa kwa mikono yangu zaidi ya mara moja: mfuko umejaa maji meusi, majani yamelainika mpaka yameshikana, vikonyo tu ndivyo vimebaki na umbo lake, na nembo ya kijani juu ya mfuko bado inang'aa. Ile pesa ya ziada niliyolipa ili watoto wasile mabaki ya viuatilifu haikumfikia mtoto yeyote. Ilikwenda jalalani.

Naanza na jalala kwa kuwa mjadala wa vyakula hivi, vilivyolimwa bila mbolea wala dawa za viwandani, huwa hauanzii hapo. Huanzia kwenye imani. Wapo wazazi wanaosema afya ya mtoto haina bei, basi kila kinachoingia jikoni, toka maziwa mpaka biskuti, kiwe na nembo ya kilimo hai. Wapo wanaosema nembo ni ujanja wa wafanyabiashara, nyanya ni nyanya, na mwenye akili hawezi kulipa zaidi kwa kitu kilekile. Nimekaa na watu wa pande zote mbili, na kila upande una sehemu yake ya ukweli. Ila familia yenye kipato cha kawaida haiwezi kuishi kwa jibu la upande wowote. Swali lake ni jingine kabisa: pesa ya ziada tuliyo nayo ni hii tu, iende kwenye chakula gani?

Kwanza tuwatendee haki wakulima. Bei ya juu si wizi. Shamba lisilotumia mbolea za viwandani wala dawa za kuua magugu linahitaji mikono mingi zaidi, na tafiti zilizolinganisha mashamba ya aina zote mbili zimeonyesha kwamba mavuno ya kilimo hai hupungua, kwa wastani, kwa karibu moja ya tano hadi robo. Nchini Marekani ardhi lazima ikae miaka 3 bila kemikali zilizokatazwa kabla mazao yake hayajaruhusiwa kubeba nembo. Umoja wa Ulaya hudai miaka 2 kwa mazao ya msimu na 3 kwa ya kudumu. Miaka hiyo yote mkulima anabeba gharama za kilimo hai huku akiuza kwa bei ya kawaida. Ongeza ada za ukaguzi. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilipolinganisha bei za bidhaa zaidi ya 100 mwaka 2015, lilikuta zenye nembo zimezidi kwa wastani wa asilimia 47. Ila ndani ya wastani huo zilikuwamo bidhaa za kilimo hai zilizouzwa kwa bei ileile ya za kawaida, au hata chini yake, na nyingine zilizozidi mara tatu. Kwa mwenye kubana matumizi, tofauti hizo za kila bidhaa zina maana kuliko wastani wenyewe.

Je, anayelipa anapata nini? Hapa ndipo pande mbili hurushiana tafiti, kila mmoja akichagua inayompendeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipokusanya tafiti zaidi ya 200 mwaka 2012, hawakuona ushahidi wa nguvu kwamba vyakula vya kilimo hai vina virutubisho vingi zaidi. Lakini katika tafiti hizohizo, mabaki ya viuatilifu yalionekana kwenye asilimia 7 ya mazao ya kilimo hai dhidi ya asilimia 38 ya mazao ya kawaida. Miaka miwili baadaye uchambuzi mwingine, uliotokana na machapisho 343, ukaona viuaoksidishaji (viambato vinavyosaidia kukinga seli za mwili) vingi zaidi kwenye mazao ya kilimo hai, na kadimiamu, metali yenye sumu, pungufu kwa asilimia 48. Kuhusu saratani mambo yanagongana waziwazi. Uingereza, wanawake zaidi ya 600,000 walifuatiliwa kwa miaka tisa hivi, na wale waliokula vyakula hivi hawakuonekana kuugua saratani kidogo kuliko wengine kwa ujumla. Ufaransa, mwaka 2018, utafiti wa watu karibu 69,000 ukaonyesha kwamba walaji wakubwa wa kilimo hai waliugua kwa asilimia 25 pungufu. Ila walaji hao kwa kawaida ndio hao hao wenye kipato kizuri, wasiovuta sigara na wanaofanya mazoezi. Watafiti hujitahidi kuyatenganisha hayo kwa hesabu, lakini si rahisi kuyatenganisha yote.

Nikiyapima haya, sioni mahali pa kumwambia mzazi kwamba asiponunua kilimo hai anamlisha mwanawe sumu. Maneno hayo yanaumiza watu bure. Kuna mama anayepunguza matunda ya wanawe kwa sababu ameaminishwa kwamba yasiyo na nembo hayafai, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na halikuweka sharti la nembo. Tofaa la kawaida lililooshwa vizuri ni bora mara nyingi kuliko tofaa la kilimo hai lililoshindikana kununuliwa.

Na kuosha si kujifariji. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walipaka matofaa viuatilifu viwili, kisha wakayaloweka kwenye maji yenye soda ya kuokea, gramu 10 kwa lita. Kimoja kilitoka kwa asilimia 80 baada ya dakika 12, cha pili kwa asilimia 96 baada ya dakika 15. Maji matupu hayakufika huko. Kilichobaki kilikuwa kimekwisha kupenya ndani ya ganda, na hicho hakitoki kwa kuosha. Hapo dawa ni kumenya, na ukimenya unapoteza nyuzinyuzi. Dakika 15 za kuloweka ni bei ambayo familia yoyote inaweza kuilipa.

Hata hivyo, upande wa kilimo hai una hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, nayo inahusu watoto. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto 23 wa Seattle. Kwa siku tano chakula chao cha kawaida kilibadilishwa kuwa cha kilimo hai, na mkojo ukapimwa kila siku. Mabaki ya viuatilifu viwili, malathioni na klopirifosi, yalishuka haraka sana mpaka mengi hayakupimika, na yalirudi waliporudishiwa chakula cha awali. Utafiti huo haukuonyesha kwamba watoto wale walikuwa wagonjwa. Ulionyesha tu kwamba kinachoingia kwa mdomo kinaonekana mwilini, na kwamba mzazi ana uwezo wa kukipunguza ndani ya wiki moja. Mtoto mdogo anakula chakula kingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake. Ndiyo maana naamini ziada ya familia ianzie kwa kile ambacho mtoto mdogo anakula kila siku, kwa wingi, na ganda lake.

Ukiifuata kanuni hiyo, orodha inakuwa fupi. Matofaa, stroberi, zabibu na mboga za majani zinaingia. Parachichi, nanasi na vitunguu vinaachwa kwa sababu ganda huzuia mengi. Shirika moja la Marekani, Environmental Working Group, hutoa kila mwaka orodha ya mazao 12 yenye mabaki mengi, na watu wengi huibeba kama msahafu. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliikosoa wakisema haizingatii vya kutosha kiasi kinachoweza kudhuru, na kwamba mabaki mengi yaliyopatikana yako chini sana ya kiwango cha hatari. Ukosoaji huo nauona wa haki. Bado orodha inasaidia kwa jambo moja: kama pesa inatosha aina mbili tu, inakuonyesha uanzie wapi.

Mchele ni mfano wa nembo isiyotatua tatizo linalowatisha wengi. Aseniki, ambayo ni sumu, huingia kwenye mpunga kutoka kwenye udongo na maji, kwa hiyo kulima bila kemikali hakuiondoi. Kuupika kwa maji mengi na kuyamwaga kunaipunguza, bila gharama yoyote.

Halafu kuna biskuti, vitafunio na juisi zenye nembo. Hapa ndipo familia nyingi huvuja pesa, na ndipo ningeanza kukata. Sukari ya kilimo hai ni sukari. Kanuni za Marekani zinataka bidhaa iitwayo ya kilimo hai iwe na angalau asilimia 95 ya viambato vya kilimo hai bila kuhesabu maji na chumvi, na kuna daraja la chini linaloruhusu kuandika kwamba imetengenezwa kwa viambato hivyo ikiwa ni asilimia 70. Maneno kama "asilia" na "kutoka shambani" hayana ukaguzi wa namna hiyo nyuma yake.

Upande wa kupunguza gharama, naweka mbele mboga zilizogandishwa. Zinagandishwa mapema baada ya kuvunwa, vitamini zake hukaa vizuri, na unachota unachokipika usiku huo. Tangu nihamie kwenye spinachi ya kugandishwa, ule mfuko wa maji meusi umekwisha. Maharage makavu na nafaka hukaa miezi, hivyo kununua gunia pamoja na majirani kunashusha bei bila hatari ya kuoza. Viazi vya kilimo hai havipakwi dawa za viwandani za kuzuia kuchipua, kwa hiyo nunua vya wiki moja au mbili, si vya mwezi.

Njia nyingine ni kumfuata mkulima mwenyewe. Japani, tangu miaka ya 1970, vikundi vya akina mama wa nyumbani vimekuwa vikilipa wakulima moja kwa moja na kugawana mavuno, mpango uitwao teikei. Marekani mfumo kama huo ulianza mwaka 1986. Unapata mazao mabichi, na mkulima mdogo asiyemudu ada ya cheti anapata soko. Hatari yake ni uaminifu. Niliwahi kununua kwa muda mrefu kwa muuzaji aliyeapa kwamba mboga zake hazijaguswa na dawa, mpaka siku moja nikamuuliza wadudu anawazuiaje, akakosa jibu. Mkulima wa kweli hukueleza mpaka uchoke: majivu, mwarobaini, kubadilisha mazao. Tena atakiri kwamba na yeye hupulizia mara moja moja, kwa kuwa kilimo hai huruhusu baadhi ya dawa, kama shaba na pareto.

Nimebakiwa na jambo moja linaloisumbua kanuni yangu ya ganda. Ndizi ina ganda nene, na kwa hesabu ya mlaji inaachwa. Lakini miaka ya 1970 wafanyakazi wengi wa mashamba ya ndizi ya Costa Rica waligundulika kuwa wamekuwa tasa kwa sababu ya kiuatilifu cha DBCP kilichotumika kuua minyoo ya udongoni. Walaji wa ndizi zile walikuwa na ganda la kuwakinga. Waliozilima hawakuwa na lolote. DBCP iliachwa, lakini hali ya anayepulizia ni ileile: yeye hukutana na dawa kabla haijapungua, kwa ngozi na kwa pumzi, na soda yangu ya kuokea haimsaidii kitu. Kwa hiyo nyumbani kwetu ndizi imo kwenye orodha, kila inapokutwa kwamba tofauti ya bei ni ndogo. Pesa yake imetoka kwenye biskuti.