Tumetua, Ila Ndege Haikuambiwa

Piper Cub ya zamani, kindege cha viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, ina utaratibu wake: ukiruka peke yako unakaa kiti cha nyuma, ili uzito usielemee puani. Basi mwanafunzi huzoeshwa nyuma tangu mwanzo, mwalimu akakaa mbele, kwenye saa zote za vipimo. Mwalimu wangu ana mabega ya mpagazi. Mwendo, kimo, joto la oili, vyote vilikuwa ng'ambo ya shati lake.

Siku hiyo upepo ulitoka kusini-magharibi, nasi tulikuwa tunatua njia namba 27, yaani tukielekea magharibi. Kwa pembe hiyo, kama asilimia 70 ya nguvu ya upepo inakupiga ubavuni. Ulivuma kilomita 20 kwa saa, ghafla 30, halafu ukanyamaza kana kwamba umesahau ulichotumwa. Cub yenyewe hugusa chini kwa mwendo wa kilomita 60 hivi, kwa hiyo upepo ule alikuwa rubani wa tatu, na hakuwa na leseni.

Tulishuka pua ikiuelekea upepo, ndege ikienda upandeupande. Sikulalamika; angalau niliiona njia kupitia dirisha la pembeni badala ya kutazama shati. Karibu na ardhi nikalaza bawa la kushoto, mguu wa kulia ukasukuma pedali kunyoosha pua, na gurudumu la kushoto likagusa peke yake, taratibu, kama inavyotakiwa. La kulia likafuata. Mkia ukashuka. Mwalimu akainua dole gumba. Nami nikaanza kutunga jinsi nitakavyowasimulia watu.

Sasa, ndege yenye gurudumu mkiani hubeba uzito wake nyuma ya magurudumu makubwa. Sukuma baiskeli kinyumenyume uone usukani utakavyokugeuka: ndivyo mkia ule ulivyo, ukipata upenyo unataka kutangulia. Na mwendo ukipungua, usukani wa mkia hukosa hewa ya kuushika. Yaani hatari inakuja hasa pale abiria anapoanza kupapasa mkanda.

Upepo ulipiga dole gumba likiwa bado juu. Pua ikachapuka kushoto. Nikakanyaga kulia mpaka goti likanyooka.

"Mguu!" mwalimu akapiga kelele.

Mguu ulikuwa umeshaisha. Zikabaki breki, ambazo kwenye Cub hukanyagwa kwa kisigino, na ni vidude vidogo vilivyojificha. Kisigino changu kikatafuta, kikapata sakafu, kikaifunga breki sakafu kwa nguvu zote.

Kando ya shati vikapita nyasi, soksi ya upepo, watu wamesimama, nyasi tena. Bawa la kulia likainama likafagia majani. Vumbi. Injini ikazimika. Tulikuwa tumetazama kule tulikotoka, na ndege, ajabu, haikuvunjika kitu.

Mwalimu hakugeuka. Alikaa kitambo, kisha akashusha dole gumba, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Redio ikauliza kwa upole: "Mmetumia njia 27 au 09?"

Ni njia ileile moja, ila 09 ndiyo inayoelekea mashariki.

"Zote mbili," mwalimu akajibu.

Kwenye daftari langu la rubani kuna safu ya idadi ya kutua. Ameandika moja. Nimekata rufaa.