Urani ya Namtumbo: mi nauliza habari ya maji kwanza

Tangu Rais Samia azindue kiwanda cha majaribio cha urani pale Mto Mkuju, Namtumbo, Julai 2025, stori mtandaoni ni hela, Rosatom (shirika la nyuklia la serikali ya Urusi), na lini tutakuwa na umeme wa nyuklia. Sawa, stori nzuri, ila kuna jambo linatuhusu kuliko yote hayo na hatuligusi: nanomateriali zenye vitundu vidogo sana, zile zinazonasa urani iliyoyeyuka kwenye maji.

Wenzetu wanazihangaikia kwa sababu ya bahari. Bahari zote zina kama tani bilioni 4.5 za urani, ila imetawanyika mno, mikrogramu 3.3 tu kwa lita. Wajapani walizamisha vitambaa vilivyotiwa amidoksimu, kemikali inayoshika urani, baharini kule Aomori, 1999 hadi 2001, miaka mitatu jumla wakatoka na kilo moja na kitu. Kwa hiyo kwa biashara bado sana.

Lakini teknolojia yenyewe jamani ni ya ajabu. Gramu moja ya MOF, aina mojawapo ya hizo nanomateriali, iliyojengwa kwa metali na viungo vya kaboni, ambazo waliozianzisha wamepewa Nobel ya kemia 2025, zile bora kabisa zina kuta za ndani zenye eneo linalokaribia uwanja wa mpira, na kwenye hizo kuta unapachika fosfati au amidoksimu, vitu ambavyo urani ikipita inavishika inabaki hapo, halafu unaosha kwa asidi, urani inatoka, unatumia tena.

Sasa mi naona kazi yake kwetu ni kwenye maji ya mgodi. Ukisaga mawe ukayalowesha kwenye asidi lazima ubaki na maji machafu na bwawa la mabaki, na bwawa likivuja urani inaingia ardhini. Watu wanaogopa mionzi tu wakati kwenye maji ya kunywa kinachoumia zaidi ni figo, ndo maana WHO wameweka kikomo cha mikrogramu 30 kwa lita. Na maji ya upande ule yanaelekea Rufiji, ambako watu wanavua, wanalima mpunga, wanakunywa. Ukiweka chujio la namna hii kabla maji hayajatoka, unalinda mto na urani inarudi kiwandani, sasa mwekezaji anakataaje?

Ila tusidanganywe na namba za maabara. Unasoma tafiti imenasa miligramu mia kadhaa kwa gramu moja, kumbe walitumia maji safi waliyotia urani wenyewe. Maji ya mgodi yana chuma, kalsiamu, salfeti, kila kitu kinagombania vile vitundu, na baharini metali ya vanadi inawasumbua hivyo hivyo mpaka leo. MOF nyingi pia zinaharibika zikikaa majini, zile zenye metali ya zirkoni kama ile iitwayo UiO-66 ndo zinavumilia, na bado ni unga, lazima uutengeneze punje ndo maji yapite.

Kwa hiyo wapeni wanafunzi wa UDSM na chuo cha Nelson Mandela kule Arusha maji halisi ya Namtumbo wapimie hayo, sasa hivi kiwanda kikiwa bado cha majaribio, na Tume ya Nguvu za Atomu iweke majibu hadharani, kila mwezi, kwa Kiswahili. Na waseme pia unga uliochoka, ambao hauoshiki tena na bado una urani ndani, utafukiwa wapi na nani ataulinda mwekezaji akishaondoka.